Talaka Iliyongoja Jua

Kwa siku tisa za mwezi wa nne, mwaka wa hamsini na nne, hakuna mtu mtaani kwetu Mbugangari aliyejua kama mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu. Shehe hakujua. Mume wangu Kadiri hakujua, au hivyo ndivyo alivyosema. Mimi mwenyewe niliamka kila asubuhi nyumbani kwa kaka yangu, nikashangaa kwanza jinsi nilivyolala vizuri, kisha nikajiuliza leo mimi ni nani. Yote hayo kwa sababu ya mstari mmoja wa kuungua kwenye mgongo wa koti la mtu mwingine.

Kadiri ni fundi cherehani, na ni fundi kweli, hilo simnyimi. Lakini macho yake yalianza kumtoroka alipofika miaka arobaini na tano, na badala ya kukubali akawa analaumu sindano. Alisema sindano za siku hizi zinatobolewa na watu wavivu huko Ulaya. Uzi nilimtungia mimi. Tulikubaliana bila kusemezana kwamba ninatunga kwa sababu nina vidole vyembamba, na wateja wote waliuheshimu uongo huo.

Ndipo akaleta ile chupa. Ilikuwa chupa kubwa ya divai, tumbo la mviringo kama mpira, shingo fupi, na mpishi wa hoteli moja ya Wazungu kando ya ziwa ndiye aliyemuuzia. Kadiri alikuwa amemwona fundi saa mmoja upande wa Goma akitumia chupa ya namna hiyo: unaijaza maji safi, unaiweka mbele ya dirisha au taa, mwanga unakusanyika na kuangukia pale unapofanya kazi. Chupa ya divai nyumbani kwa Mwislamu ilizua maneno, kwa hiyo aliiosha mara saba, mara moja kwa mchanga. Shehe alipopita akasema mara saba ni kwa chombo kilichorambwa na mbwa, si kwa divai, lakini kwa kuwa imeshaoshwa hakuna ubaya. Kuanzia siku hiyo Kadiri alitunga uzi mwenyewe, na akawa hashikiki kwa majivuno.

Koti lilikuwa la Muhamadi. Muhamadi ni mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa, mzee wa miaka sitini na kitu, na mwezi ule alikuwa anaoa mke wa tatu, binti kutoka kijiji cha Mahoko. Alitaka koti jeusi la sufu la kuvaa juu ya kanzu, na alitaka harusi ifanyike kabla Ramadhani haijaingia. Kwa nini mtu anayesumbuliwa na baridi aoe tena badala ya kununua blanketi, hilo sikuulizwa.

Jumatano asubuhi nililipiga koti hilo pasi. Pasi yetu ni ya makaa, nami naijua kama ninavyojua mkono wangu: nakung'uta majivu nje, nafunga kifuniko, natandaza kitambaa chenye unyevu juu ya sufu. Nilipomaliza nililitundika kwenye msumari pembeni mwa dirisha, nikaenda sokoni. Niliporudi nilimkuta Muhamadi mlangoni, amelinyanyua koti juu kwa mikono miwili, na jua linapenya mgongoni mwa lile koti. Mstari mwembamba wa kuungua, mrefu kama kidole changu cha shahada, ulipita katikati ya mabega.

Nilisema pasi ina umbo lake, na umbo hilo si mstari. Muhamadi akasema ni cheche ya makaa. Nikasema cheche inaanguka mahali pamoja, haitembei. Akasema wanawake wa siku hizi wanajibu sana, maneno ya ajabu kutoka kwa mtu anayejiongezea mwingine. Watu walikuwa wameshaanza kujaa barazani. Kadiri alimtazama mteja wake, akawatazama watu, akanitazama mimi, nikaona kabisa kwamba anatafuta neno kubwa la kulizima jambo lile. Akalipata.

"Kama ni pasi yako ilichoma hii koti," akasema, "basi we si bibi yangu tena. Umeachika."

Wanaume wa mtaa wetu ndivyo walivyo. Mchuzi ukikosa chumvi, wanaapa kwa talaka. Mtu akibishana na jirani kuhusu bei ya mbuzi, anaapa kwa talaka, na mke wake yuko jikoni wala hajui kwamba ndoa yake imefungwa kwenye shingo ya mbuzi. Kwa kawaida jambo hujulikana papo hapo: ulitoka au hukutoka, ulisema au hukusema. Lakini hili lilikuwa na shida yake. Kama pasi ndiyo iliyochoma, nimeshaachika. Kama siyo, bado ni mke. Na hakuna aliyeona koti likiungua.

Shehe akaitwa. Akaligeuza koti, akalinusa, akafikiri, kisha akasema kwamba mpaka ijulikane ni kitu gani kilichochoma, ni heri nikae kwa ndugu zangu. Nikauliza ni nani atakayetafuta kujua. Akasema anayetaka kujua ndiye atafute. Nikamtazama Kadiri aseme lolote, hata neno moja la kijinga. Aliinama kwenye cherehani yake akajifanya anatunga uzi, akakosa tundu mara tatu mbele ya watu wote, na safari ile sikumsaidia.

Kaka yangu Mbonigaba huendesha lori la viazi, na nyumba yake iko karibu na ziwa. Yeye na mkewe Nyiraneza walinipokea bila maswali, jambo zuri, wakanilisha vizuri, jambo la hatari, maana nilianza kuzoea. Na mvua ikaanza. Ilinyesha Alhamisi, ikanyesha Ijumaa, na katikati ya mvua moja na nyingine mawingu yalikaa juu ya ziwa kama yamelipiwa chumba. Nilikaa dirishani nikiwaza ni nani mwenye chuki na koti la Muhamadi. Niliwashuku wake zake wawili, nikaishuku sigara ya mpita njia, nikamshuku hata Shehe kwa vile alivyonusa. Chupa haikunijia akilini kabisa. Nani anayashuku maji?

Aliyenifungua macho ni Ntawukuriryayo, mvuvi, jirani wa kaka yangu, Mkristo wa maneno machache, na yote ya dharau. Jumapili ile alitoka kanisani, akavua viatu, akasimama kwenye mawe ya ufukweni akichoma samaki kwa mkuki, pale maji yanapofika magotini. Nilikuwa na hasira za siku nne na hakuna wa kuzimalizia, nikamwomba mkuki nijaribu. Samaki alikuwa ametulia mbele yangu, mnene, namwona mpaka magamba. Nikamchoma, nikapata changarawe. Nikachoma tena, changarawe. Mara ya tatu Ntawukuriryayo alikuwa ameketi chini kwa kicheko.

"Samaki haiko pale unaiona," akasema. "Piga chini yake kidogo."

Nilimwambia mimi si kipofu, kipofu ni mume wangu. Akasema macho yangu ni mazima, ila maji ndiyo yanayodanganya. Akachovya mkuki ndani kimshazari na nikaona umevunjika pale ulipoingia, akautoa, mzima. Akauchovya wima kabisa, haukuvunjika. Nikamuuliza kwa nini. Kwa mara ya kwanza akaniangalia kama mtu.

"Mwangaza ni sawa mutu anakimbia anaingia mu tope kwa upande," akasema. "Mguu moja inakwama mbele ya ingine, basi anapinda. Hapendi kupinda, lakini anapinda. Akiingia mbele-mbele, miguu yote inakwama pamoja, anaenda tu polepole."

Nilibaki nimesimama na mkuki wa watu mkononi. Kama maji hupinda mwanga, basi maji yaliyofungwa kwenye tumbo la mviringo huupinda kutoka kila upande kuuelekeza katikati. Unaoingia juu unapindishwa chini, wa chini unapindishwa juu, wa kushoto kulia, wote unasukumwa kwenye mlango mmoja. Mwanga wote wa dirisha letu ulikuwa unakutana mahali pamoja, na asubuhi ile mahali hapo palikuwa na koti. Kisha jua likasogea, kama linavyosogea kila siku bila kumuuliza mtu, na ile nukta ikasogea nalo juu ya sufu. Ndiyo maana ulikuwa mstari.

Nyiraneza alikuwa na kichupa cha manukato chenye tumbo la mviringo. Nilimwaga manukato kwenye kikombe, nikakijaza kichupa maji, nikalivizia jua siku nzima ya Jumatatu. Lilitoka kwa muda wa kunywa chai. Kilipokuwa kitupu, kichupa kilipitisha mwanga tu kama dirisha. Kikiwa na maji, kilitupa duara la mwanga juu ya meza. Nikikisogeza kichupa karibu, duara linapanuka, nikikisogeza mbali linapanuka, lakini katikati kuna mahali linajikunja mpaka linakuwa kali kama sindano. Chupa ya dawa yenye ubavu bapa haikufanya lolote, hata ikiwa na maji. Kwenye kanga nyeupe, ile nukta ilikuwa pambo tu. Kwenye soksi nyeusi ya Mbonigaba ilitoa moshi. Soksi yenyewe ilikuwa mbovu tayari, ingawa Nyiraneza hakuona hivyo, wala kuhusu manukato hakunielewa.

Nikajua pia kwamba tumbo likiwa kubwa, mahali pale pakali hukaa mbali zaidi. Kwa kichupa kile, ni unene wa kidole. Kwa chupa ya Kadiri, nilipima kwa akili, ni upana wa kiganja. Nikampelekea Shehe habari kwamba nimepata kilichochoma, na kwamba ninachohitaji ni jua tu. Shehe akajibu kwamba jua haliko chini yake. Tukangoja. Muhamadi naye akangoja, maana wakwe zake wa Mahoko walikuwa wamesikia habari za koti na talaka, wakasema hawamtoi binti kwa nguo yenye mkosi. Basi mzee akawa anaombea jua kuliko mkulima yeyote wa Cyanzarwe.

Ijumaa ya siku ya tisa anga ikafunguka. Kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa barazani kwetu, na nusu ya Mbugangari ilikuwa imenitangulia. Shehe aliketi kwenye kiti cha wateja. Muhamadi alisimama na koti lake mkononi kama ushahidi wa mauaji. Kadiri alisimama kando ya cherehani, amekonda, shati lake halikupigwa pasi. Hatukusalimiana, kwa kuwa haikujulikana tusalimiane kama nani.

Niliwaambia nitakalofanya. Muhamadi akacheka mpaka akakohoa, akauliza tangu lini maji yakachoma, kwani yeye akiungua huwa anamwagiwa nini? Watu wakacheka naye. Shehe akasema tuone kwanza. Nikaiweka chupa dirishani pale pale inapokaa kila siku, jua likaipiga, nikachukua kipande cha sufu kilichobaki kwenye mkato wa lile koti, nikakipeleka nyuma ya chupa.

Nilikianzia karibu, kikikaribia kugusa kioo, nia yangu ikiwa kukivuta taratibu mpaka upana wa kiganja. Duara pana la mwanga likakaa juu ya kitambaa, vuguvugu, halina madhara. Nikainua macho nione kama Shehe anatazama. Anatazama. Kila mtu alikuwa anakitazama kitambaa mkononi mwangu, isipokuwa Kadiri. Kadiri alikuwa anatazama hewani, mahali patupu nyuma ya mkono wangu, upana wa kiganja kutoka kwenye chupa. Hapakuwa na kitu hapo. Lakini mtu huyu asiyeona tundu la sindano alikuwa anapaona mahali hapo vizuri kabisa.

Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza.

Mkono wangu ukasimama. Nilikiacha kitambaa pale pale kilipokuwa, kwenye lile duara pana la kijinga, nikasubiri. Nasema kweli, kwa dakika ile sikuwa na hakika ninataka nini. Nikikivuta, ninabaki mke wa Kadiri. Nikikiacha, nitarudi kwa Nyiraneza na kitanda changu cha dirishani, na hakuna hata mmoja wa hao wote atakayejua kwamba ilikuwa ni suala la kiganja kimoja. Sijawahi, kabla wala baada, kushika maisha yangu yote kwa vidole viwili namna ile.

Muda ukapita. Kitambaa hakikutoa hata harufu. Muhamadi akapiga miayo. Wingu lilikuwa limeinuka kutoka upande wa mlima Nyiragongo na lilikuwa linakuja juani bila haraka. Shehe akajikohoza.

"Saidati," akasema, "kitambaa hakiungui."

"Naona, Shehe. Kama haiungui, basi ni pasi. Na kama ni pasi, mi nimeachika." Nikamgeukia Kadiri. "Ama namna gani, muzee?"

Jasho lilikuwa linamtiririka. Alilitazama wingu, akanitazama mimi, akalitazama wingu tena. Mimi nilitulia kama yule samaki. Wingu lilipobakiza kidogo kulifikia jua, Kadiri alivuka baraza kwa hatua mbili, akanishika mkono, akauvuta nyuma upana wa kiganja, mara moja, bila kupapasa. Duara likajikunja likawa nukta. Sufu ikatoa uzi wa moshi, kisha tundu. Wingu likafunika jua, lakini harufu ilikuwa imeshamfikia kila mtu.

Shehe si mjinga, ingawa hunusa makoti.

"Kadiri," akasema, "nani alikuonyesha ni hapo?"

Kadiri akakunja mkono wa shati. Karibu na kifundo kulikuwa na kovu dogo la mviringo. Mimi aliniambia ni mafuta ya taa.

"Ilinichomaka mu mwezi wa pili," akasema. "Nilinyamaza. Watu wangesema nimeleta moto mu nyumba ya kushonea, hakuna mutu angeniachia nguo yake."

"We ulijua," nikasema.

"Nilijua si pasi. Ndiyo maana niliapa vile. Kama ingekuwa pasi kweli, singeapa." Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo jema alilomtendea. "Nilitafuta kiapo hakiwezi kukuacha."

Baadhi ya wanawake wakaguna kwa huruma, wakaona hapo kuna mapenzi. Na labda yalikuwepo. Alinitupia lawama yake mbele ya mtaa mzima, lakini kwanza alihakikisha kwamba hanipotezi. Kisha akaona aibu kusema ukweli, akaniacha siku tisa kwenye dirisha la watu. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilifurahi pia, kidogo, na furaha hiyo ndiyo iliyonikasirisha zaidi.

Shehe akatangaza kwamba kiapo hakikumpata mtu, pasi haina kosa, ndoa iko palepale. Muhamadi akauliza na koti je, na Kadiri akamwambia atashona jingine bure, na mzee akaondoka mbio kwenda kuwatumia habari watu wa Mahoko. Kadiri akaokota kikapu changu, akasimama akiningoja niingie ndani.

Sikuingia. Nilimwambia Shehe kwamba ndoa naikubali, na nyumba ni yangu, na nitarudi. Kisha nikasema neno langu, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

"Mi nitarudi siku ile jua itawaka toka asubuhi mpaka magharibi, na hakuna wingu hata moja. Siku ile ile."

"Mu hii mvua?" akauliza Kadiri.

Akamgeukia Shehe amsaidie. Shehe alifikiri kwa muda mrefu, akazivuta ndevu zake, akasema yeye ameulizwa habari za talaka, hakuulizwa habari za mvua. Akasimama, akaenda zake kujiandaa na sala ya Ijumaa.

Ramadhani nilifunga kwa kaka yangu. Kila asubuhi Kadiri alionekana barazani amesimama na shingo juu, sindano mkononi, na wateja walijifunza kungoja. Siku moja katikati ya mwezi wa tano jua liliwaka tangu alfajiri. Saa sita, anga safi. Saa nane, safi. Ilipofika saa kumi Kadiri alikuwa ameshafika kwenye ua wa Mbonigaba, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vibaya, amebeba kikapu kitupu, tumesimama pamoja tunatazama juu. Saa kumi na nusu, kawingu kamoja, hakazidi kitambaa cha mkono, kakatoka nyuma ya mlima, kakapita mbele ya jua na kuyeyuka. Kadiri akanitazama. Nikamwambia nimekaona. Akageuka na kikapu chake akarudi Mbugangari, maana ilikuwa inakaribia kufuturu na hakuna aliyempikia.